Mchezaji na Muziki Unaomfuata: Historia Fupi ya Michezo ya Kompyuta Inayoburudisha

UTANGULIZI

Mwezi wa Februari mwaka 2011, katika mji wa Los Angeles nchini Marekani, tuzo ya Grammy ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa utungo ambao asili yake ni mchezo wa kompyuta. Jambo ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kulikumbuka ni kwamba maneno ya utungo huo yalikuwa ya Kiswahili. Jina lake ni "Baba Yetu", nayo ni ile Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo uitwao Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Mtu aliyeununua mchezo huo Tokyo au Berlin alilakiwa na Kiswahili kabla hajaanza kucheza.

Hata hivyo, wimbo huo huimbwa wakati mchezaji angali mlangoni, akichagua atakavyocheza. Wimbo hauna habari naye. Afanye haraka au akawie, sauti zinakwenda vile vile mpaka mwisho, kisha zinarudi mwanzo. Iko aina nyingine ya muziki katika michezo ya kompyuta, ambayo haimwachi mchezaji nyuma wala haimtangulii. Akienda taratibu, nao unapoa; akikaza mwendo, nao unakaza; akisimama, nao unasubiri. Muziki wa aina hii ndio tunaokusudia kuueleza katika makala haya, na hasa pale unapotumiwa katika michezo ambayo shabaha yake si kushinda bali kumtuliza mtu.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotufaa sana katika uchunguzi huu. La kwanza ni kucheza. Anayepiga mpira anacheza, na anayeingia uwanjani kwenye ngoma naye anacheza. Wote wawili ni wachezaji. Lugha nyingi za Ulaya hutenganisha mambo haya kwa vitenzi viwili, lakini sisi tumeyaweka katika kitenzi kimoja. Yeyote aliyewahi kuhudhuria ngoma anajua kwamba mpigaji hodari hamwachi mchezaji machoni: humtazama miguu, akaongeza au akapunguza. Neno la pili ni burudani. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu ulio pia katika neno baridi. Kwa hiyo kumburudisha mtu, kwa maana ya awali, ni kumpoza, kama anavyopozwa aliyetoka juani. Basi swali letu ni hili: ilikuwaje mashine iliyoanza kwa kumtia mchezaji joto ikaja kufundishwa kumpoza, na ni nani aliyeifundisha?

KABLA YA KOMPYUTA

Ili muziki uweze kumfuata mtu, sharti uwe tayari kukatwa na kuunganishwa mahali popote bila kuharibika. Fikra hii ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1757 huko Berlin, Johann Philipp Kirnberger, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Johann Sebastian Bach, alichapisha kitabu cha kumwezesha hata asiyejua muziki kutunga nyimbo za kucheza kwa kutupa dadu. Kila hesabu ya dadu ilimwelekeza kwenye kipande kimoja kilichokwisha kuandikwa, na vipande vyote vilitungwa kwa namna ya kuweza kufuatana.

Baadaye, miaka michache tu baada ya kifo cha Mozart mwaka 1791, kilichapishwa kitabu cha namna hiyo hiyo ambacho hunasibishwa naye. Wimbo ulikuwa na sehemu 16, na kwa kila sehemu dadu mbili ziliweza kuchagua kimoja kati ya vipande 11. Hivyo vipande vyote vilikuwa 176, na nyimbo zilizoweza kutoka humo hazihesabiki kwa umri wa binadamu. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba dadu haina macho. Ilichagua vipande kwa bahati, wala haikujua kama wasikilizaji wana furaha au wamechoka.

Macho yalipatikana katika majumba ya senema, zama zile picha zilipokuwa bado hazina sauti, kabla ya miaka ya mwisho ya 1920. Mpiga piano alikaa karibu na pazia, akatazama picha, akapiga kulingana na aliyoyaona. Farasi wakikimbia alikimbia nao. Mjane akilia alilia naye. Lakini picha yenyewe ilikuwa imekwisha kamilika, haibadiliki, na kwa hiyo kila jioni mpiga piano aliweza kujua kitakachokuja. Taabu ya mchezo ni kwamba hakuna ajuaye kitakachokuja, kwa sababu hatima imo mikononi mwa mchezaji.

MUZIKI WA KUTIA HOFU

Mchezo wa kwanza kupata sifa duniani kote kwa sauti inayomfuata mchezaji ulitoka Japani mwaka 1978. Uliundwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, ukaitwa Space Invaders. Wavamizi 55 waliojipanga safu tano hushuka kutoka angani, na mchezaji aliye chini huwapiga risasi. Muziki wake ni noti nne tu za sauti nzito, zinazoshuka na kurudiwa bila kukoma.

Siri ya mchezo huu ilitokana na udhaifu wa mashine. Kompyuta ya siku zile haikuwa na nguvu za kuwasogeza wavamizi wote kwa haraka. Kadiri mchezaji alivyowaua, ndivyo mzigo wa mashine ulivyopungua, na ndivyo waliobaki walivyozidi kwenda kasi. Nishikado aliona jambo hilo, na badala ya kulirekebisha akaliacha, kwa sababu liliuongezea mchezo ugumu. Zile noti nne nazo zikaongeza kasi pamoja na wavamizi. Matokeo yake ni kwamba kila ushindi mdogo wa mchezaji ulimletea mapigo ya haraka zaidi, mithili ya moyo wa mtu anayekimbizwa.

Tunaona hapa kwamba muziki unaomfuata mchezaji ulianza kwa kumfukuza. Na si ajabu. Mashine hizo ziliwekwa mahali pa biashara, na kila mchezo ulilipiwa kwa sarafu. Mwenye mashine alitaka mchezaji ashindwe mapema ili atie sarafu nyingine. Utulivu haukuwa na faida kwa mtu yeyote.

KUSHONA BILA MSHONO KUONEKANA

Kompyuta zilipoingia majumbani, sarafu ikatoweka na wakati ukawa mrefu. Mchezaji aliweza kukaa saa nzima mahali pamoja, akifikiri. Muziki uliorudiwa bila kubadilika ukawa kero, na muziki uliokatwa ghafula kila alipofungua mlango ukawa kero kubwa zaidi.

Dawa ilipatikana katika kampuni ya LucasArts ya California. Watunzi wawili, Michael Land na Peter McConnell, waliunda mtambo wa programu walioupa jina la iMUSE, ambao ulitumika kwanza katika mchezo Monkey Island 2 mwaka 1991, ukapewa hataza mwaka 1994. Katika mchezo huo kuna mji mdogo uitwao Woodtick, uliojengwa kwa mabaki ya merikebu. Mchezaji anapotembea nje husikia lahani moja ya mji. Akiingia katika nyumba, lahani ile ile huendelea, lakini ala na mapambo yake hubadilika kulingana na nyumba. Akitoka, muziki humrudisha nje kwa kipande kifupi cha kuungia, kwa kufuata mpigo, hata sikio lisijue mahali ulipokatwa.

Tangu hapo ufundi huu umekuwa na njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya kuunganisha: vipande vingi hutungwa kwa namna ya kuweza kufuatana, kama vile vya Kirnberger, na kompyuta huchagua kinachofuata kwa kutazama anachofanya mchezaji. Njia ya pili ni ya kupandisha tabaka: ala zote hupiga kwa pamoja tangu mwanzo, lakini nyingine zimenyamazishwa, nazo hufunguliwa moja moja kadiri hali inavyotaka. Njia ya kwanza ni kama mshairi anayechagua ubeti, na ya pili ni kama kwaya ambayo kiongozi wake anawaashiria waimbaji wanyamaze au waimbe.

Mjapani Toshio Iwai alikwenda hatua zaidi. Katika mchezo wake Otocky wa mwaka 1987, kila mchezaji anapopiga risasi hutoka noti, na noti hiyo hutegemea upande alikopiga. Mashine huichelewesha kidogo sana ili iangukie kwenye mpigo, na hivyo mchezaji hawezi kukosea mahadhi hata akitaka. Mwaka 2005 Iwai alitoa mchezo Electroplankton, wenye aina 10 za viumbe wadogo wa majini. Mchezaji huwagusa, nao hutoa sauti. Hakuna alama, hakuna adui, hakuna mwisho. Hapo mchezaji aliyekuwa akifuatwa na muziki akawa yeye mwenyewe mpigaji.

KANUNI ZA MAUMBILE KATIKA MCHEZO

Sambamba na muziki, jambo jingine lilikuwa likikua, nalo ni fizikia. Michezo ya zamani ilikuwa na sheria zake yenyewe: mtu aliruka juu kwa sababu mwundaji aliandika kwamba ataruka kiasi fulani. Kompyuta zilipopata nguvu, waundaji wakaweza kuandika kanuni za maumbile zenyewe, yaani uzito, mvutano, msuguano na mgongano, kisha wakaacha vitu viende vyenyewe.

Mfano ulio wazi ni Osmos, mchezo uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Hemisphere Games. Mchezaji ni tone linaloelea mahali penye giza, pamoja na matone mengine. Likigusa dogo kuliko lenyewe, hulimeza. Likigusa kubwa, humezwa. Sasa, ili lisogee mbele, sharti liteme sehemu ya mwili wake nyuma. Hii si nyingine ila kanuni ya tatu ya mwendo aliyoichapisha Newton mwaka 1687: kila tendo lina kinyume kilicho sawa nalo. Kwa hiyo kila safari ina gharama. Mwenye pupa hujitema mpaka akawa mdogo kuliko wale aliotaka kuwameza. Mwenye subira husukuma mara moja, kisha akaacha mwendo wake umfikishe, huku akisikiliza muziki laini usio na haraka. Wahenga wetu waliosema haraka haraka haina baraka wangeuelewa mchezo huu bila mwalimu.

Kwa nini mchezo wa fizikia humtuliza mtu? Sisi tunaona sababu mbili. Kwanza, kanuni za maumbile hazimwonei mtu. Jiwe linaloanguka halina chuki, na anayeshindwa nalo hajioni ametukanwa. Pili, mwili wetu unazijua kanuni hizo tangu utotoni. Mtoto aliyerusha jiwe au aliyesukuma gurudumu kwa kijiti amekwisha soma nusu ya somo. Mchezaji hana haja ya kukariri maagizo marefu. Mkono wake unatambua.

UPEPO, MAUA NA MCHANGA

Mambo haya mawili, yaani muziki unaofuata na mwendo wa asili, yalikutana katika kazi za Jenova Chen, kijana wa Shanghai aliyekwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Southern California. Utafiti wake wa shahada ulitokana na nadharia ya mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi. Mtaalamu huyo alieleza kwamba mtu huzama kabisa katika kazi yake pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wake; ukizidi hupata wasiwasi, na ukipungua huchoshwa. Hali hiyo ya kuzama aliifananisha na mkondo wa maji. Chen akaunda mchezo uitwao flOw mwaka 2006, ambamo mchezaji mwenyewe huchagua kuzama kwenye kina kigumu au kubaki juu palipo rahisi.

Mwaka 2009 kampuni aliyoiasisi pamoja na Kellee Santiago, thatgamecompany, ilitoa mchezo Flower. Mchezaji ni upepo. Huinamisha kifaa alichoshika mkononi, na upepo hupeperusha petali za maua juu ya majani. Kila ua linaloguswa huchanua na kutoa sauti, na aina moja ya maua hutofautiana na nyingine kwa ala yake. Sauti hizo zimepangwa zipatane na muziki wa Vincent Diamante unaoendelea chini yake. Hakuna saa inayohesabu wala alama za kugombania. Hapo awali waundaji walijaribu kutia mambo yaliyozoeleka katika michezo mingine, kisha wakayaondoa moja baada ya jingine, kwa sababu yaliharibu hali waliyoitafuta.

Kazi iliyofuata ndiyo inayotufunza zaidi. Mchezo Journey ulitoka mwaka 2012. Msafiri aliyevaa joho anavuka jangwa kuelekea mlima wenye mwanga. Njiani anaweza kukutana na msafiri mwingine, ambaye ni mtu wa kweli anayecheza mahali pengine duniani. Hawawezi kusemezana. Kila mmoja ana sauti moja tu ya kuita, kama ndege, na jina la mwenzake halionyeshwi mpaka mwisho. Muziki wa Austin Wintory, unaoongozwa na selo, unawafuata katika mteremko na katika dhoruba.

Chen ameeleza hadharani yaliyotokea walipokuwa wakiujaribu. Shabaha ilikuwa kuwafanya wageni wawili wapendane. Kwa hiyo, kwa kufuata fizikia ya kweli, waliwapa wasafiri miili inayogongana, ili waweze kusaidiana kwa kusukumana. Wachezaji walipopewa nafasi hiyo, walianza kusukumana kwenye hatari, mmoja akimwangamiza mwenziwe. Waundaji walishangaa: watu hawa walikuwa wabaya kwa asili? Jibu alilolipata Chen kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto ni kwamba mtu aingiapo katika ulimwengu mgeni huwa kama mtoto mchanga. Hajui jema wala baya. Hutafuta tu tendo litakaloleta itikio kubwa kwa jitihada ndogo, na kumsukuma mtu kukaleta itikio kubwa. Dawa haikuwa kuwahubiria wachezaji, bali kuondoa mgongano. Sasa wasafiri wakigusana hawasukumani. Badala yake kila mmoja humtia mwenzake nguvu ya kuruka. Tangu hapo wageni wakaanza kutafutana na kutembea bega kwa bega, kwa kuwa wema ndio uliojibiwa.

Tunaliona tukio hili kuwa kiini cha historia yote. Kanuni ya maumbile iliyokuwa sahihi iliondolewa, kwa sababu wachezaji walionyesha kwamba haileti utulivu. Aliyeamua si Newton, bali ni mchezaji. Wala uamuzi huo haukuwa wa bei nafuu. Kazi iliyopangiwa muda mfupi zaidi ilichukua miaka mitatu, na Chen alisema mwaka 2013 kwamba kampuni ilikuwa imefilisika ilipomaliza. Lakini baada ya mchezo kutoka, barua zilianza kuja. Miongoni mwake ilikuwamo ya msichana aliyefiwa na baba yake. Wawili hao walikuwa wameucheza mchezo huo pamoja wakati wa ugonjwa wa baba. Mwezi wa Desemba 2012 muziki wa Wintory ulitajwa miongoni mwa zilizoshindania Grammy katika fungu la muziki wa filamu na kazi nyingine za picha, jambo ambalo muziki wa mchezo wowote haukuwa umelifikia. Haukushinda, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

MKONO NA KINYWA

Yatupasa sasa tutofautishe aina mbili za mrejesho ambao mchezaji huutoa. Wa kwanza ni mrejesho wa mkono: amekwenda wapi, amesimama muda gani, amegusa nini. Huu ndio unaosikilizwa na mashine, na ndio unaouendesha muziki. Wa pili ni mrejesho wa kinywa: amesema nini alipomaliza, kimemkera nini, kimemliza nini. Huu husikilizwa na binadamu tu.

Katika miaka iliyopita, mrejesho wa kinywa umepata nafasi kubwa kuliko zamani. Msweden Markus Persson alianza kuutoa mchezo wake Minecraft mwaka 2009, ungali haujakamilika, na wachezaji wakaendelea kuucheza na kutoa maoni hata ukatangazwa kuwa kamili mwaka 2011. Muziki wake, uliotungwa na Mjerumani Daniel Rosenfeld, hutokea mara chache, hukaa kidogo, kisha hutoweka na kumwachia mchezaji kimya kirefu. Vivyo hivyo Mini Metro, mchezo wa New Zealand wa kuchora njia za treni, ulitolewa kwa umma mwaka 2014 kabla ya kukamilika mwaka 2015. Katika huo hakuna wimbo uliorekodiwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtunzi wake Rich Vreeland ameweka sauti ambazo huzaliwa na treni, stesheni na abiria wenyewe, hata mji ukikua muziki nao unakua.

Maoni ya wachezaji, hata hivyo, yanahitaji mfasiri. Mchezaji hujua anapoumia, lakini si lazima ajue dawa. Anayesema muziki unachosha pengine anachoshwa na njia ndefu. Anayeomba mchezo uongezwe kasi pengine hajaonyeshwa aende wapi. Na anayesema tu kwamba ni mzuri hajasema kitu ambacho mwundaji anaweza kukitumia. Mwundaji mwenye busara husikiliza malalamiko kama daktari asikilizavyo maumivu, kisha akatafuta chanzo mwenyewe. Wale wasafiri wa Journey hawakuomba mgongano uondolewe. Walicheza, na waundaji wakasoma.

HATARI YA KUSIKILIZA MKONO PEKE YAKE

Isidhaniwe kwamba kila muziki unaomfuata mchezaji unamtakia mema. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alichapisha kitabu juu ya wacheza kamari wa mashine huko Las Vegas. Alieleza kwamba wengi wao hawakuwa tena wakitafuta ushindi. Walitafuta hali ya kuzama, ambamo saa, deni na shida za nyumbani husahauliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada nao walionyesha mwaka 2010 kwamba katika mashine nyingi za kisasa mtu anaweza kuweka fedha nyingi, akarudishiwa kidogo kuliko alichoweka, na bado mashine ikampigia muziki wa shangwe kana kwamba ameshinda. Mwili wake hupokea hasara hiyo kama ushindi.

Tukitazama kwa mkono peke yake, mcheza kamari huyu na yule anayepeperusha maua wanafanana: wote wawili wamekaa kimya, wamezama, mikono inakwenda, muziki unawajibu. Mashine haiwezi kuwatofautisha. Tofauti hujulikana wanapoinuka na kusema. Mmoja huinuka amepoa, mwingine huinuka ameungua. Ndiyo maana tunasema kwamba utulivu hauwezi kupimwa kwa muda mtu aliokaa, na mwundaji anayeacha kusikiliza kinywa, akahesabu dakika tu, ameshika njia ya kurudi kwenye ile mashine ya sarafu.

HITIMISHO

Tumeona kwamba muziki unaomfuata mchezaji ulitanguliwa na dadu za karne ya 18, ukapata macho katika senema, ukaingia kwenye kompyuta mwaka 1978 kwa kutia hofu, ukajifunza kushonwa bila mshono kuonekana mwaka 1991, na hatimaye ukatumiwa kupoza moyo. Njia hiyo haikusafishwa na mashine kupata nguvu peke yake. Mashine yenye nguvu inaweza kumkimbiza mtu vizuri zaidi. Ilisafishwa na waundaji waliokubali kumtazama mchezaji na kumsikiliza, hata pale kusikiliza kulipowagharimu.

Kwa upande wa lugha, tungependa kupendekeza istilahi chache. Muziki wa aina hii baadhi huweza kuuita muziki badilifu, lakini jina hilo halisemi unabadilika kwa ajili ya nani. Sisi tunapendelea muziki mfuasi. Mrejesho ni neno lililokwisha zoeleka, nalo lafaa kubakizwa. Bali pale inapohitajika, tuseme mrejesho wa mkono na mrejesho wa kinywa. Na michezo yenyewe tuiite michezo ya kuburudisha, tukikumbuka maana ya asili ya neno hilo.

Ama kwa upande wa kazi yetu ya ualimu, somo liko karibu. Mwanafunzi naye ana mkono na kinywa. Mkono wake ni daftari na alama za mtihani, na huo twausoma kila muhula. Kinywa chake hatukisikii mara nyingi, hasa katika nchi zetu hizi ambamo wengi hujifunza Kiswahili kikiwa lugha ya pili au ya tatu, na huona haya kusema kwamba hawajaelewa. Tunawaomba walimu wenzetu wajaribu jambo dogo: mwisho wa somo, kabla ya kufuta ubao, wamwulize kila mwanafunzi aseme sentensi moja tu ya Kiswahili kuhusu mahali alipokwama. Watakaojaribu na watuandikie walichosikia, pamoja na maoni yao juu ya istilahi tulizozitaja, ili yachapishwe katika kurasa hizi kwa faida ya wote.